Kiwango cha Moshi si Kiwango cha Hewa Ukaa

Mwenye lori kuukuu linalopiga kazi kati ya Likoni na Lunga Lunga, kusini mwa pwani ya Kenya, husikia habari mbili zinazoshabihiana. Ya kwanza ni kwamba serikali inakaza masharti dhidi ya magari yanayochafua hewa. Ya pili ni kwamba dunia inataka hewa ukaa ipungue. Redio na magazeti huzisimulia zote kwa maneno yale yale: "utoaji wa hewa chafu", "uzalishaji wa gesi chafuzi", "utoaji wa kaboni". Mkorogo huu umeanzia kwa neno moja la Kiingereza, "emission", lililobebeshwa mizigo miwili. Asiyeitenganisha mizigo hiyo anaweza kuuza kichwa cha trela kilichohitaji nozeli tu, au kukopa fedha nyingi anunue kingine akidhani anapunguza joto la dunia.

Kwa maana yake pana, "emission" ni chochote kinachotoka kwenye chanzo fulani na kuingia hewani. Ekzosi ya dizeli hutoa makundi mawili. Kundi la kwanza humdhuru aliye karibu: masizi, oksidi za nitrojeni, monoksidi ya kaboni na mafuta ambayo hayakuungua. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutia moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kundi la pili ni hewa ukaa, yaani dioksidi ya kaboni. Hii haina rangi wala harufu, na anayesubiri matatu pale Kombani hakohoi kwa ajili yake, lakini hurundikana angani na kuzidisha joto la dunia.

Watu wa Msambweni wanaijua hewa ukaa kuliko wengi wetu. Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na huuza hati za tani zipatazo 3,000 za hewa ukaa inayonaswa na mikoko hiyo kwa mwaka. Fedha zake zimeingia katika maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata nyayo hizo.

Sasa tupige hesabu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Lori likichoma lita 27,000 kwa mwaka litatoa tani 73. Malori 41 ya namna hiyo yanatosha kuimeza kazi yote ya mwaka ya mikoko ya Gazi, hata yakiwa mapya na yasifuke hata kidogo. Hewa ukaa hufuata lita zilizochomwa. Masizi hufuata hali ya injini na namna ilivyoundwa.

Ngazi za Euro zinazotajwa na wauza magari zinahusu kundi la kwanza. Euro I, iliyoanza Ulaya mwaka 1992, iliruhusu injini kubwa ya lori itoe gramu 0.36 za masizi kwa kila kilowati-saa. Euro IV ya mwaka 2005 ilishusha kiasi hicho hadi gramu 0.02. Oksidi za nitrojeni zilishuka kutoka gramu 8 hadi 3.5, na Euro VI ikazifikisha 0.4. Afrika Mashariki haikuweza kuzifuata ngazi za juu kabla ya kusafisha mafuta yenyewe, kwa sababu salfa huharibu vifaa vya kuchuja moshi. Ndiyo maana dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni iliyoanza Januari 2015 ilikuwa hatua kubwa. Baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapata kiwango chake cha moshi wa magari, EAS 1047 cha mwaka 2022.

Basi tafsiri iwe ipi? Kwa magari, napendekeza "kiwango cha moshi wa ekzosi". Atakayepinga atasema gesi nyingine hazionekani kwa macho, na moshi huonekana. Ni kweli, lakini makenika wa Ukunda tayari husema "moshi" kwa yote yatokayo kwenye bomba, na istilahi inayoeleweka gereji ina nguvu kuliko iliyobuniwa ofisini. Kwa tabianchi, tubaki na "utoaji wa hewa ukaa". "Hewa chafu" tuiachie mazungumzo ya kawaida, maana haisemi uchafu gani.

Tukishatenganisha hivyo, uamuzi kuhusu lori huwa mwepesi. Masharti ya umri wa gari katika kiwango cha Kenya, KS 1515, humngoja anayeagiza gari lililotumika. Lori ambalo tayari lina namba za Kenya hukutana na ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, na Kanuni za Ubora wa Hewa. Kipimo cha moshi ni hiki: injini ikiwa moto, gari limesimama, kijiti hutiwa ndani ya ekzosi, dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na mashine husoma ni mwanga kiasi gani umezuiwa na masizi. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui sawasawa: nozeli zimechakaa, chujio la hewa limeziba vumbi, au turbo imechoka. Moshi wa samawati maana yake oili inaungua, na mara nyingi hapo injini yenyewe imechakaa.

Anayetaka lori jipya naye aulize mapema. Injini nyingi za Euro V na VI hutumia maji ya urea, yanayojulikana kwa jina la AdBlue, na yakikosekana lori hupunguziwa nguvu. Euro VI iliundwa kwa dizeli safi zaidi ya hiyo ya salfa 50.

Mwenye lori, anza kwa kipimo kabla ya mkopo. Tengeneza nozeli, badilisha chujio, pima tena. Likipita, endelea na kazi. Likishindwa baada ya fundi kumaliza yote hayo, liuze: gharama ya kulishikilia itakuzidi wewe, na moshi wake utawazidi wanaoishi kando ya barabara.