Sesame Street ilivyojaribiwa kabla ya kupeperushwa

Wasomaji, leo naweka msimbo kando. Sisi tunaoandika programu huwa na swali moja sugu: utajuaje kama mtumiaji anakipenda ulichomtengenezea? Mtu mzima ukimuuliza atakujibu ni kizuri, hata kama hajaelewa lolote. Mtoto wa miaka 4 hana adabu hizo. Akichoka, anageuza uso. Jibu bora ninalolijua kwa swali hili lilitoka kwenye kipindi cha watoto cha runinga, Sesame Street. (Jirani zetu Watanzania walitengenezewa toleo la Kiswahili, Kilimani Sesame.)

Kisa kinaanza New York mwaka 1966, kwenye chakula cha jioni nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi vya runinga. Mmoja wa wageni, Lloyd Morrisett wa shirika la Carnegie, alikuwa na binti wa miaka 3 aliyeamka alfajiri na kukodolea macho ile picha ya mistari inayowekwa kabla ya matangazo kuanza. Morrisett akauliza: je, chombo hiki kinaweza kumfundisha mtoto? Cooney aliona watoto tayari wanafundishwa, tena na matangazo ya bia, maana nyimbo zake walizijua zote kwa moyo. Basi yeye angetumia mbinu hizo hizo: vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, herufi na nambari zikiuzwa kama sabuni. Waliolengwa hasa ni watoto wa maskini wa mijini, walioanza shule wakiwa nyuma ya wenzao.

Mwaka 1968 likaundwa shirika la Children's Television Workshop, likiwa na dola milioni 8, karibu nusu yake pesa za serikali. Kwa pesa kama hizo huwezi kubahatisha.

Hapa ndipo anapoingia mtafiti Edward Palmer. Alimketisha mtoto mbele ya runinga, kisha kando yake akaweka mashine ya slaidi iliyobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Mtazamaji alirekodi: macho yako kwenye runinga, au yamehamia kwenye slaidi? Mwishoni ukapatikana mchoro unaoonyesha, karibu sekunde kwa sekunde, mahali kipindi kinapochosha. Mimi huuita huo upimaji wa watumiaji, miaka mingi kabla ya tovuti kuwepo.

Julai 1969 vipindi 5 vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto wa Philadelphia. Wataalamu wa saikolojia walikuwa wameonya kwamba vikaragosi vya Jim Henson visichanganywe na watu halisi, eti watoto watachanganyikiwa. Kwa hiyo matukio ya mtaani yalikuwa na watu peke yao. Matokeo? Vikaragosi vikionekana, watoto wametulia. Ukija mtaa wenyewe, macho yanaondoka. Na mtaa ndio ulioshikilia kipindi kizima! Zilikuwa zimebaki miezi michache tu. Waliweka kando ushauri wa wataalamu, na Henson na wenzake wakaunda vikaragosi vya kuishi mtaani: Big Bird, ndege mrefu wa manjano, na Oscar, mnung'unikaji wa kwenye pipa la takataka. (Msimu wa kwanza Oscar alikuwa na rangi ya chungwa. Kijani kilikuja baadaye.)

Kipindi kilianza rasmi tarehe 10 Novemba 1969, na msimu huo ukawa na vipindi 130 vya saa moja. Jambo ambalo hakuna mashine ingelipima ni siasa. Mtaani waliishi weusi na weupe pamoja, na Mei 1970 tume ya runinga ya elimu ya jimbo la Mississippi ikapiga kura kutokionyesha. Habari zikavuja hadi kwenye gazeti la New York Times, kelele zikapigwa, na baada ya siku 22 tume ikabadili uamuzi.

Mwaka huo huo Educational Testing Service ikatoa matokeo ya utafiti wake: watoto waliotazama zaidi ndio waliojifunza zaidi. Lakini mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake walizipitia upya takwimu hizo, wakahoji jambo ambalo bado linabishaniwa: ikiwa watoto wa wenye nacho nao wanatazama, pengo kati yao na wa maskini linazibika vipi?