Askari Aliyegeuka Mwongoza Misafara: Habari za Sidi Mubarak Bombay

Neno "kiongozi" tumelizoea likitajwa kwa rais wa nchi, kwa mkuu wa chama, hata kwa mwanafunzi anayesimamia wenzake darasani. Katika karne ya 19 neno la ukoo huo lilikuwa na kazi ya miguu. Wasafiri wa Kizungu waliliandika "kirangozi", nao walikusudia yule aliyetangulia msafara kutoka pwani kwenda bara. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, ameeleza kwamba mtu huyo, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alivaa vazi jekundu, akajipamba kichwani kwa manyoya na ngozi ya mbega, na nyuma yake ikapepea bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Hapakuwa na mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Aliyethubutu alichomolewa mshale mmoja katika podo lake uwe ushahidi, kisha akatozwa faini. Kwenye njia panda, ile isiyofaa ilizibwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili walio nyuma wasipotee.

Vijana wa Kinyamwezi waliingia katika kazi za safari mapema, wakaijua njia tangu utoto. Kwa hiyo si jambo dogo kumwona mtu aliyeanza maisha hayo akiwa na umri wa miaka kama 37, ameacha kazi nyingine, wala njia yenyewe haijui. Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja wafanyabiashara wa Kiswahili walifika kijijini kwao na watumwa wenye bunduki, wakadai walipwe papo hapo madeni ya zamani. Wanakijiji hawakuwa na bunduki; wakakimbia, na waliokamatwa wakapelekwa Kilwa. Huko kijana Mubarak, mwenye umri wa miaka kama 12, akauzwa kwa nguo. Alivushwa bahari mpaka Uhindi, akatumika huko miaka mingi, hata bwana wake alipofariki ndipo akapata uhuru wake. Jina la mji wa Bombay lilimganda, na "Sidi" ndilo jina walilopewa huko watu wenye asili ya Afrika. Jina la utoto wake wa Kiyao halimo katika masimulizi hayo.

Aliporudi Unguja aliandikishwa katika askari wa Sultani, akawekwa katika ngome ndogo ya Chogwe, karibu na mto Pangani, chini ya jemadari wa Kibulushi. Hapo ndipo Burton na John Speke walipomkuta mapema mwaka 1857, nao wakamshawishi aache uaskari afuatane nao.

Je, askari huyu alikuwa na nini cha kuwauzia wageni? Njia ya Tabora na Ujiji hakuijua, na mizigo walikuwako wengine wa kuibeba. Alichokuwa nacho ni Kihindustani. Waingereza hao wawili walikuwa maofisa wa jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Burton alijua Kiarabu pia, lakini Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Basi lugha ile ambayo Bombay aliipata utumwani, bila kuitaka, ndiyo iliyomfungulia kazi mpya. Walimu wa lugha tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba lugha ni mali. Mali hii ilipatikana kwa bei ambayo hakuna mwalimu angeikubali.

Thamani yake ilionekana mwaka uliofuata. Burton alibaki Tabora, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858 wakaliona ziwa kubwa karibu na Mwanza, na Speke akasema kuwa humo ndimo inamotoka Nili. Burton alimcheka. Hoja yake moja yatuhusu sisi hasa: alidai kwamba Bombay alikielewa vibaya Kihindustani kibovu cha Speke, akakigeuza kuwa Kiswahili kisicho sahihi mbele ya mwenyeji fulani, naye mwenyeji akakipeleka katika lugha ya tatu, na jibu likarudi kwa mlango uleule likiwa limepotoka zaidi. Kwa maneno mengine, mabishano makubwa ya jiografia ya wakati huo yalisimama, kwa sehemu, juu ya kutegemeka kwa mkalimani. Kuhusu Nili, maelezo ya Speke ndiyo yaliyoshinda. Tarehe 28 Julai 1862, katika safari ya pili, alisimama mahali maji yanapotoka ziwani, karibu na Jinja ya leo, na Bombay alikuwapo.

Katika safari hiyo hiyo, kwa Kabaka Muteesa wa Buganda, maneno ya Speke yalipita kwa Bombay, yakatoka kwa Kiswahili, kisha mkalimani mwingine akayatia katika Luganda. Kiswahili kilikuwa daraja la katikati, na watu wa misafara walikuwa miongoni mwa walioliweka hapo kabla shule zetu hazijajengwa.

Isidhaniwe kuwa kazi hiyo ilimpa heshima kila siku. Speke mwenyewe ameandika kwamba alimpiga ngumi kichwani mbele ya wenzake, naye Stanley, aliyemchukua mwaka 1871 kuwa mkuu wa askari wake katika safari ya kumtafuta Livingstone, aligombana naye mara nyingi na kumwadhibu. Wazungu walimlaumu kwa ulevi na ubishi, lakini safari mpya ilipoandaliwa, walimtafuta yeye. Ilipofika mwaka 1873 alikuwa na miaka zaidi ya 50, na Cameron akamkabidhi uongozi wa watu wake. Wakavuka kutoka Bagamoyo, kupitia Ujiji na Nyangwe, hata wakaifikia bahari ya Atlantiki upande wa Benguela mwezi wa Novemba 1875. Ng'ambo ya Ujiji, askari wa Chogwe alikuwa tena mgeni wa njia, kama alivyokuwa mwaka 1857.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha kwa safari ya Speke, na tangu mwaka 1876 kikampa malipo ya uzeeni. Alifariki mwezi wa Oktoba 1885.

Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, ambaye msafara wa Cameron ulikutana naye, alituachia maisha yake kwa Kiswahili, na tunayafundisha. Bombay hakuacha maandishi. Masimulizi ya utoto wake aliyatoa kwa Kihindustani, yakachapishwa kwa Kiingereza katika kitabu cha Speke. Ni mafupi, hayazidi kurasa chache. Darasa la mwaka wa mwisho lingeweza kuyatafsiri kwa wiki moja, na wanafunzi wangepaswa kuamua wenyewe mtu wa Pwani aliyezaliwa Uyao na kukulia Uhindi angeyasema kwa Kiswahili cha namna gani.