Mfumo wa vyama viwili: unavyofanya kazi na unakopatikana

Mfumo wa vyama viwili ni ule ambao vyama viwili pekee ndivyo vyenye nafasi halisi ya kushika dola, hata pale sheria inaporuhusu vyama vingi. Nchini Marekani, kila rais tangu mwaka 1853 ametoka chama cha Democratic au Republican. Nchini Ghana, NDC na NPP vimepokezana urais tangu mwaka 1993.

Chanzo chake

Mwanazuoni wa Kifaransa Maurice Duverger alieleza kuwa mfumo huu hutokana hasa na kanuni ya kuhesabu kura. Kiti kikiwa kimoja na mshindi akiwa ni mwenye kura nyingi, kura za wengine hazizai kitu. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais Marekani, lakini hakushinda jimbo hata moja. Kwa kuhofia kupoteza kura, wananchi huelekea kwenye vyama viwili vikubwa.

Mfano wa Zanzibar

Katika uchaguzi wa mwaka 1995, CCM ilipata viti 26 vya majimbo na CUF 24, vikiwemo vyote 21 vya Pemba. Aliyeshindwa kwa kura chache aliikosa serikali yote. Mivutano ilifuata, na Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya upinzani. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama cha pili hupata nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 2019 Maalim Seif Sharif Hamad alihama CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wengi wakamfuata. Jina la chama cha upinzani lilibadilika. Kambi zikabaki mbili.

Na Rwanda je?

Mkazi wa tarafa ya Bweyeye, wilayani Rusizi, hamchagui mbunge wa jimbo lake. Kura yake hujumlishwa na za nchi nzima, na viti 53 hugawanywa kwa uwiano miongoni mwa orodha zilizofikisha asilimia 5. Julai 2024, muungano ulioongozwa na FPR ulipata viti 37, na vyama vingine vitano vikagawana 16. Aidha, katiba inataka Rais na Spika wa Baraza la Wabunge watoke vyama tofauti, na chama chenye wabunge wengi kisizidi nusu ya mawaziri.

Hivyo, idadi ya vyama kwenye karatasi ya kura haitoshi kuutambua mfumo. Yafaa kuuliza pia jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa viti, na anachobaki nacho aliyeshindwa.