Umbo la Kitufe katika Simujanja, 2007–2018: Suala la Ladha au la Utambuzi?

Historia ya umbo la vitufe katika violesura vya simujanja huelezwa mara nyingi kama historia ya ladha: mtindo mmoja ulichosha, mwingine ukashika nafasi yake. Sehemu hii inatofautiana na ufafanuzi huo. Hoja yake ya msingi ni kwamba mabadiliko ya umbo la kitufe yalihamisha mzigo wa utambuzi kutoka kwa msanifu kwenda kwa mtumiaji, na kwamba mzigo huo haukuwaelemea watumiaji wote kwa usawa.

iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007, vitufe vyake vingi vilikuwa michoro juu ya kioo. Kidole hakikuwa na cha kupapasa. Kitufe kilichochorwa kiliiga kitufe halisi kwa pembe za mviringo, mng'ao kwa juu na kivuli kwa chini. Uigaji huo ulimwonyesha mtumiaji, pasipo maelezo, mahali pa kubonyeza. Msanidi programu aliyetaka kitufe cha pekee aliandaa picha ndogo ambayo sehemu yake ya kati ilivutwa kufuata urefu wa maandishi, huku pembe zikibaki kama zilivyo. Aliandaa pia picha nyingine za kitufe kilichobonyezwa na kilichozimwa. Mwaka 2010, iPhone 4 iliongeza pikseli za skrini maradufu kila upande, zikafikia 960 kwa 640. Picha hizo zikahitajika katika vipimo viwili. Kwa upande wa Android, iliyotumika katika skrini za aina nyingi, kazi ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo, kitufe bapa cha rangi moja, kinachochorwa kwa msimbo badala ya picha, kilipunguza kazi ya msanidi, mbali na kupendeza kwake.

Windows Phone 7 ilitangulia kuufuata mwelekeo huo mwaka 2010. Apple ilifuata kwa iOS 7, iliyotolewa Septemba 2013 baada ya Jony Ive kukabidhiwa usimamizi wa usanifu wa violesura. Badiliko la iOS 7 lilikwenda mbali zaidi ya kuondoa mng'ao na kivuli, kwani liliondoa hata mpaka. Kitufe cha kawaida kikawa neno lenye rangi. Tatizo ni kwamba neno la buluu laweza kuwa amri, na laweza kuwa msisitizo tu. Kwa mtu mwenye uoni hafifu, au asiyetofautisha rangi vizuri, kidokezo kikuu kilikuwa kimetoweka.

Machi 2014, iOS 7.1 iliongeza chaguo la kuonyesha maumbo ya vitufe. Chaguo hilo ni ushahidi kwamba hitaji lilitambuliwa. Hata hivyo, liliwekwa ndani ya mipangilio ya ufikivu, likiwa limezimwa. Aliyelihitaji alilazimika kulitafuta kupitia kiolesura kilekile kilichompa shida.

Google, katika Material Design ya Juni 2014, ilichukua njia ya kati: kivuli kilirejeshwa kama alama ya kimo cha kitufe juu ya ukurasa, ingawa vitufe vya maandishi matupu viliruhusiwa pia. Juni 2018, mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.1, ulitaka sehemu za kitufe zinazohitajika ili kitambulike ziwe na tofauti ya mwangaza isiyopungua 3:1 na rangi jirani. Hata hapo mpaka haukulazimishwa pale ambapo maandishi yenyewe yalionekana kutosha.

Kutokana na mjadala huu, inabainika kwamba ladha peke yake haielezi historia hii. Mtindo bapa ulimpunguzia kazi msanidi, ilhali utambuzi wa kitufe ukageuzwa kuwa chaguo la kutafutwa. Mtafiti wa violesura anapaswa kuuliza, kwa kila mtindo mpya, ni nani anayelipa gharama ya wepesi wake.