Majina ya sayari katika Kiingereza: kutoka angani hadi kwenye kopo la krimu

Mkazi wa Bugarama, bonde lililo chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya Rwanda, hahitaji kufafanuliwa joto ni nini. Lakini habari ya Kiingereza inaposema kwamba "mercury" imepanda, haizungumzii sayari wala sumu. Inazungumzia kipimajoto, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa bomba jembamba la kioo lenye zebaki ndani yake. Zebaki ikipata joto hutanuka na kupanda, na Kiingereza kikaacha kipimo kisimame mahali pa kinachopimwa. Kwa Kiswahili tunasema joto limepanda, na hilo latosha.

Neno hilo moja limebeba vitu vitatu: mungu wa biashara wa Warumi, ambaye pia alikuwa mjumbe mwenye mbio, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, ambayo hulizunguka kwa siku 88 tu, na metali iliyo majimaji hata isipopashwa moto. Wanaalkemia wa kale, waliotafuta kugeuza metali duni kuwa dhahabu, waligawa metali saba kwa mianga saba ya angani. Dhahabu ilipewa Jua, fedha Mwezi, chuma Mirihi, shaba Zuhura, bati Mshtarii, na risasi Zohali. Majina hayo ya metali yamesahaulika karibu yote. La zebaki limebaki.

Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Kupitia Kiarabu kilipokea majina mawili tofauti, Utaridi kwa sayari na zebaki kwa metali. Hata hivyo, zipo kamusi na vitabu vilivyoiita sayari hiyo Zebaki, na sababu haifichiki: mfasiri aliona neno moja la Kiingereza, akaandika neno moja la Kiswahili. Sisi tunaandika Utaridi, ili neno zebaki libaki na kazi yake, ambayo si ndogo.

Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa mashariki mwa Kongo, kunasa chembe za dhahabu katika mchanga. Kisha huchomwa, na mvuke wake huvutwa na aliye karibu. Imo pia katika baadhi ya krimu za kuchubua ngozi, maarufu kama mkorogo, ambazo mamlaka za Rwanda zilianza kuzisaka madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Huharibu figo na neva, na kwa mama mjamzito humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walidhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje au kuingiza vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo.

Kwenye kopo, hata hivyo, hutaona neno zebaki. Utaona "mercury", au "mercure" kwa Kifaransa, au alama Hg, au "calomel", "mercuric iodide", "cinnabaris". Na hata pasipo jina lolote, onyo la kutoigusisha krimu na dhahabu, fedha au vito ni dalili ya kutosha ya kulirudisha kopo rafuni.

Kutoka kwa mungu yule yule Kiingereza kimepata "mercurial". Zamani lilimsifu mtu mwenye akili nyepesi na ulimi mwepesi. Siku hizi humtaja zaidi mtu asiyetabirika, na magazeti hulipenda kwa wanasiasa. Kulitafsiri "kigeugeu" ni kuongeza tusi ambalo mwandishi huenda hakulitia. Jirani yake "jovial", la Mshtarii, limebaki karibu na asili yake: mtu mchangamfu, aliyezaliwa chini ya nyota ya heri. Wanajimu wa Kiislamu nao waliihesabu Mshtarii kuwa ya saadi kuu, na Zohali kuwa ya nuhusi, sawa na "saturnine" la Kiingereza, yaani mtu mzito, mwenye uso wa giza.

Wasomaji wetu waliosoma Kifaransa hukutana na Zohali mahali pengine: hospitalini. "Saturnisme" ni ugonjwa wa kudhurika kwa madini ya risasi, yatokayo kwa mfano katika rangi za zamani na betri za magari. Hapa Kiswahili ndicho chenye mtego. Ukiandika "ameumwa kwa risasi", msomaji ataona bunduki. Lazima neno "madini" litangulie.

Zuhura imetendewa vibaya zaidi. Kwa Waswahili ni jina zuri la binti. Kwa Kiingereza ilizaa "venereal", lililohusu mapenzi kwa jumla, likaishia kwenye magonjwa, na sasa hata madaktari wameliacha. Tafsiri yetu ya kawaida, "magonjwa ya zinaa", ina hukumu ndani yake: mke aliyeambukizwa na mumewe hakuzini. "Magonjwa yanayoambukizwa kwa ngono" ni refu, lakini ni la haki.

Mirihi, nyota ya mungu wa vita, imo katika mwezi wa Machi na katika "martial law". Mei 2021 serikali ya Kongo ilipotangaza "état de siège" katika Kivu Kaskazini na Ituri, na kuwaweka magavana wa kijeshi mahali pa wale wa kiraia, vyombo vingi vya Kiingereza viliandika "martial law". Kwa msomaji wa Kamembe mwenye ndugu Goma, tafsiri si jambo dogo. "Hali ya kuzingirwa" humfanya adhani adui amezunguka mji. "Utawala wa kijeshi" humfanya adhani Kinshasa imepinduliwa. Kilichotokea hakikuwa hiki wala kile. Bora kusema sheria ya kijeshi, kisha kueleza ni nani sasa anatoa amri.

Sayari zilizogunduliwa baadaye zilienda moja kwa moja maabara. Uranus iligunduliwa mwaka 1781, na miaka 8 baadaye urani ikapewa jina lake. Urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, ilitumika katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani. Pluto, iliyozaa jina la plutoni, ilivuliwa cheo cha sayari mwaka 2006, na Wamarekani wakatunga kitenzi "to pluto", maana yake kumshusha mtu hadhi.

Kiswahili nacho hakijatulia, kwa kuwa neno sayari lenyewe ni la kupokea. Kwa Kiarabu asili yake ni kutembea, kama "planet" lilivyotoka kwa Wagiriki likiwa na maana ya kitangatangacho. Katika Sura ya Yusuf, "sayyara" ni msafara uliomkuta Yusuf kisimani. Leo ukilitamka neno hilo mjini Cairo au Muscat, utaelekezwa yalikoegeshwa magari.