Majina na tahajia za lugha za Njombe na Kitulo

Lugha za Kibantu za mkoa wa Njombe, kusini mwa Tanzania, zina jina zaidi ya moja kila moja. Kibena huzungumzwa Njombe na Makambako, Kipangwa Ludewa, Kikinga na Kiwanji Makete, wilaya yenye uwanda wa Kitulo. Majina haya yamevikwa viambishi vya Kiswahili: Wabena wenyewe ni Vabena, na lugha yao Hibena.

Kiwanji ndicho chenye mgogoro mkubwa. Wenyeji wa Matamba, chini ya Kitulo, hutamka *vw* mwanzoni mwa shina la jina lao. Kiswahili kilibakiza *w* tu, mwanaisimu Malcolm Guthrie akaliingiza umbo hilo katika orodha yake ya lugha za Kibantu (G66 Wanji), na msimbo wa kimataifa *wbi* bado unalibeba. Wanaisimu wa shirika la SIL walioko Mbeya wameirudisha *v*: Vwanji. Umbo hilo ndilo sahihi zaidi, ingawa kwa Kiswahili cha kawaida Kiwanji hakiepukiki.

Tahajia ni suala jingine. Mmisionari wa Berlin R. Wolff alichapisha sarufi ya Kikinga mwaka 1905, enzi ambazo Wajerumani waliongeza alama juu na chini ya herufi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1930, ilisanifu Kiswahili chenye irabu tano, na waliosoma shuleni huandika lugha zao kwa herufi hizohizo. Kibena, chenye irabu tano pia, hakiumii sana, ila toni zake hazionekani. Kiwanji na jirani yake Kinyakyusa vina irabu saba. Kwa Kinyakyusa, mbili za ziada huandikwa *ɨ* na *ʉ*, herufi zinazosumbua kwenye simu.

Kihehe, lugha ya jirani, na Kibena vinakaribiana sana, na “kamwene” husalimia pande zote mbili. Mpaka kati ya lugha hizi mbili ni wa himaya kuliko wa sauti.

Uchina una kisa kama hicho cha majina na tahajia. Reli ya TAZARA ilipojengwa na Wachina kupitia Makambako, 1970–1975, dunia iliandika jina la mji wao mkuu Peking na la waziri mkuu wao Chou En-lai. Tangu 1979 Uchina hutumia pinyin katika machapisho yake ya nje, hivyo Beijing na Zhou Enlai. Pinyin ni ya Kimandarini. Kikantoni, chenye jina lililopitia kwa Wareno, kina Jyutping ya Hong Kong (1993), ambayo huandika toni kwa tarakimu 1 hadi 6.