Haiba ya Mtu Si Kabila Lake: Somo Kutoka Gombe

Nilikulia Katonga, mwaloni ambapo dagaa huanikwa tangu alfajiri. Huko mtoto hujifunza mapema kwamba watu hawafanani: huyu mpole hata nyavu zikichanika, yule mwepesi wa hasira, mwingine huaminiwa na fedha za wenzake. Anayetafuta watu wa kwenda nao ziwani usiku haulizi kabila lao. Huuliza wamewahi kuvua na nani.

Nikiwa mwanafunzi, nilikwenda katika ofisi moja ya umma kuomba hati. Mtumishi alisoma mahali nilipozaliwa, akaweka kalamu chini na kusema: "Ninyi watu wa Kigoma mna tabia ya kuficha mambo." Kisha akaniuliza kama babu yangu hakutoka ng'ambo ya ziwa. Hakuwa amenifahamu hata kwa dakika tano. Nilirudishwa nyumbani mara tatu. Tangu siku ile nimesoma na kufundisha nadharia za haiba kwa miaka mingi, na nimetambua kwamba sentensi ile ina historia ndefu.

Wanasaikolojia wamemtazama mtu kwa njia kuu mbili. Wapo waliomweka katika aina, kuanzia mafundisho ya kale ya Galen hadi kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Wapo pia waliohesabu sifa zake. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walichambua kamusi ya Kiingereza wakapata karibu maneno 18,000 ya kumweleza mtu. Allport alisisitiza kwamba kila mtu ni wa pekee. Lakini elimu ya nafsi iliposhikwa na dola ya kikoloni, mtu mmoja mmoja alitoweka, likabaki kabila.

Mfano ulio karibu nasi ni J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Uasi uliokuwa na madai ya ardhi ndani yake ulielezwa zaidi kama tatizo la nafsi ya Mkikuyu, na miongoni mwa ushauri wake ulikuwemo wa kuwakusanya watu vijijini. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka 1961, Frantz Fanon, naye daktari wa magonjwa ya akili, aliikosoa vikali sayansi hiyo. Ni wazi kwamba nadharia ya haiba, ikiwa mikononi mwa mwenye mamlaka, inaweza kuvunja nyumba za watu.

Sasa tuitazame pwani yetu. Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma. Aliwapa sokwe majina, David Greybeard na Flo wakiwa miongoni mwao, akaandika kwamba kila mmoja ana haiba yake. Huko Cambridge aliambiwa kwamba angepaswa kuwapa namba, na kwamba mnyama hana haiba. Aling'ang'ania alichokiona. Nikiyasoma haya huwa nasita: ilikuwa imepita miaka sita tu tangu ripoti ya Carothers. Sokwe wa Gombe alitambuliwa kuwa yeye ni yeye, wakati binadamu wa nchi jirani alikuwa bado mfano tu wa kabila lake.

Nani aliwajua sokwe hao? Mei 1975, watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka watafiti wanne vijana. Watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi haikufa, kwa sababu Watanzania wasaidizi wa utafiti waliendelea kuwafuata sokwe msituni na kuandika walichokiona. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha takwimu za haiba za sokwe 128 wa Gombe. Waliotoa alama, katika vipengele 24, walikuwa wasaidizi hao wa Kitanzania, wa zamani na wa sasa. Alama zao zilikubaliana kwa kiwango cha kuridhisha, na zilioana na tathmini ya sokwe 24 iliyofanywa mwaka 1973. Hata hivyo, makundi ya sifa yaliyopatikana hayakueleweka kwa wepesi kama yale ya sokwe waliofugwa. Watafiti walikiri hivyo. Huo ndio uadilifu wa elimu.

Somo la Gombe kwangu ni hili: haiba hujulikana kwa kumfuata mhusika mmoja kwa muda mrefu, katika shibe na njaa, katika amani na ugomvi. Ikiwa sokwe anastahili miaka ya kutazamwa kabla ya kuitwa mkali au mpole, mwananchi anayesimama mbele ya meza yako, ndugu mtumishi wa umma, anastahili walau kusikilizwa kabla ya kuitwa msiri. Nanyi wanafunzi wangu, mkikutana na kitabu kinachoanza na "watu wa kabila hili wana tabia hii", ulizeni kwanza mwandishi alimfuata nani, kwa muda gani, na kwa niaba ya nani.

Hati yangu niliipata hatimaye, kwa mtumishi mwingine katika ofisi ileile. Yeye alisoma fomu, akaniuliza jina langu, akanisikiliza.